Kifaru Kipa na Likizo Isiyo na Mpira

Paukwa!

Pakawa!

Waliokaa mbele?

Pakawa!

Na wale wa nyuma wanaotafuna mahindi?

Pakawa!

Haya, mezeni kwanza, nami nisimulie.

Hapo zamani za kale, siku ambazo wanyama walivaa jezi na kusoma sekondari, palikuwa na shule katika Bonde la Mikwaju. Shule ile ilikuwa na timu ya mpira. Nahodha wake Nyumbu. Mshambuliaji wake Swala, akikimbia ni fyuu! kama mshale. Beki wake Ngiri, hodari wa kukaba, hodari zaidi wa kusema. Na golini, amelijaza lango kama mlango uliofungwa, alisimama Kifaru.

Mwaka huo walifika fainali. Dakika za mwisho adui akapiga mpira kutoka mbali. Haukupigwa kwa nguvu, jamani. Ulikuja ukibingirika, biri-biri-biri, kama limau lililodondoka kutoka kapuni. Kifaru amesimama. Mpira ukampita ubavuni, ukaingia wavuni. Kifaru bado amesimama.

Priiii! Mechi imekwisha. Wamefungwa.

"Umelala!" Ngiri akafoka. "Mpira wa mtoto mchanga ule!"

"Nilighafilika, ndugu yangu."

"Ulighafilika? Basi bora tungeacha goli wazi!"

Nyumbu akamlaumu Ngiri. Swala akamlaumu Nyumbu. Walirudi shuleni kila mmoja na njia yake, na Kifaru akawa wa mwisho, kichwa chini.

Alikuwa na siri, maskini. Kifaru haoni mbali. Hatua kumi tu mbele yake, nyasi ukungu, mti ukungu, mpira ukungu. Miaka yote alidaka kwa masikio. Akisikia mguu umepiga, pu! anajua mpira unakoelekea. Lakini siku ya fainali uwanja ulijaa, ngoma zinalia, vigelegele vinapaa. Hakusikia kitu.

"Wakijua wataniondoa golini," akawaza. "Nikiondolewa golini, mimi ni nani hapa shuleni?" Akanyamaza.

Shule ikafungwa. Siku ya pili ya likizo, kocha wao, Mwalimu Korongo, akawaita wote kambini kando ya Mto Kirindi. Korongo alikuwa na miguu mirefu na maneno mafupi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Mwalimu, mipira iko wapi?"

"Nimeifungia stoo."

Wakatazamana. "Sasa tutafanya nini siku saba?"

"Mtapika. Mtachota maji. Mtalala hema moja."

Wakanung'unika, nung'u-nung'u-nung'u. Siku ya kwanza ugali ukaungua. Nyumbu akasema kosa ni la aliyekoka moto. Swala akasema kosa ni la aliyeshika mwiko. Wakalala njaa, kila mmoja amempa mwenzake mgongo. Siku ya pili ugali ukawa uji. Wakanywa hivyo hivyo, bila kusemezana.

Siku ya tatu Mwalimu Korongo akatoa vitambaa. "Fungeni macho. Nendeni hadi kwenye ule mgunga, kisha mrudi."

Wakafunga. Wakaenda. Swala akagonga kichuguu, du! Nyumbu akaingia kwenye miiba, akatoka analia. Ngiri akazunguka, akazunguka, akajikuta amerudi jikoni. Lakini Kifaru? Alisikia upepo ukipita kwenye majani ya mgunga, shhh, shhh. Akaufuata. Akaugusa mti. Akasikia sufuria zikigongana kambini. Akazifuata. Akarudi polepole, hakujikwaa hata mara moja. Siku hiyo moyo wake ulikuwa mwepesi. Wote hawaoni, basi na yeye ni kama wenzake.

"Umechungulia!" Ngiri akasema.

"Sikuchungulia."

"Umewezaje, basi?"

Neno likamfika Kifaru kooni. Aliseme? Asiliseme? Akalimeza. "Bahati tu."

Siku ya tano Mwalimu Korongo akaruka hadi ng'ambo ya mto. Akasimama huko. "Vukeni kwa mawe," akaita. "Jiwe hadi jiwe. Upande wa chini kuna maporomoko, kwa hiyo angalieni mnapokanyaga."

Kifaru akajisogeza nyuma ya wenzake. Angalieni! Aangalie kwa macho yapi?

Swala akavuka, tu, tu, tu. Nyumbu akavuka. Ngiri akaingia, Kifaru nyuma yake. Jiwe la kwanza alilipata. La pili alilipata. La tatu akaona kitu cheusi majini, akasema moyoni, ndilo hili. Akakanyaga.

Halikuwa jiwe. Kilikuwa kivuli cha Ngiri.

Chubwiii! Kifaru akaanguka, akamzoa na Ngiri. Maji yakawabeba. Kifaru maji yalimfika kifuani. Ngiri yalimpita kichwa.

"Nakufa!" Ngiri akapiga kelele, gulu-gulu-gulu. Kifaru akapeleka pembe kwenye sauti ile, akamzoa, akamweka mgongoni. Ngiri akang'ang'ania shingo.

Lakini nchi kavu iko wapi? Povu huku, povu kule. Kifaru akageuka, akageuka tena. Maporomoko yanaunguruma, na kila akijaribu hatua, mchanga unamkimbia miguuni. Ukingoni wote wanapiga kelele kwa pamoja. "Huku!" "Rudi!" "Kushoto!" "Sio huko!" Ikawa kama siku ya fainali. Hasikii kitu.

Akaona hapa siri na roho haviwezi kuokoka pamoja. Akapaza sauti:

"Jamani, mimi sioni! Sioni mbali, sijawahi kuona! Niambieni!"



Kisha Nyumbu akasema, "Nyamazeni wote. Swala, sauti yako kali. Sema wewe peke yako."

Swala akasimama ukingoni kabisa, akaimba:

"Kifaru, kulia! Kifaru, kulia!
Hatua mbili, jiwe liko, kanyaga!"

Kifaru akakanyaga. Jiwe lipo.

"Kifaru, mbele! Kifaru, mbele!
Hatua tatu, mchanga upo, kanyaga!"

Akakanyaga. Mchanga upo. Hatua kwa hatua, sauti kwa sauti, mpaka Nyumbu akamshika sikio, Mwalimu Korongo akamshika sikio la pili, wakamvuta, yallah! wote wakaanguka kwenye nyasi.

Wanahema tu. Kifaru akalaza masikio. Alikuwa anangoja hukumu.

Ngiri akatapika maji, akajifuta mdomo. "Kwa hiyo lile goli la fainali..."

"Sikuliona, ndugu yangu. Nisamehe."

Ngiri akainamisha kichwa. Mwishowe akasema, "Mimi niliuona."

"Uliona nini?"

"Mpira. Niliuona unakuja, polepole, na wewe hujageuka. Ningeweza kukuita. Lakini tulikuwa tumegombana tangu mapumziko, nikasema, aa, hiyo kazi ya kipa. Nikanyamaza. Tangu siku hiyo nakutukana ili mtu asiniulize mimi nilikuwa wapi."

Kifaru akamtazama. Alimwona vizuri, maana alikuwa karibu. Halafu kikamtoka kicheko, kikubwa, cha tumboni, na machozi ndani yake. Ngiri naye akacheka. Swala akacheka. Hata Mwalimu Korongo midomo yake mirefu ikagongana, ka-ka-ka.

"Mwalimu," Kifaru akauliza, "utaniondoa golini?"

Korongo akamtazama Nyumbu. "Nahodha, unasemaje?"

"Kipa ni huyu huyu," Nyumbu akasema. "Ila kuanzia leo, anayeuona mpira aseme. Na akisema mmoja, wengine tunyamaze."

Kifaru akashusha pumzi. Phuuu! Pumzi ya miaka mitatu, jamani, ilitoka siku moja. Akajinyoosha juani, akalala usingizi mzito mchana kweupe, na Ngiri akakaa kando yake akimfukuzia nzi.

Siku mbili zilizobaki ugali uliiva.

Muhula ukaanza. Katika mechi ya kwanza Ngiri alisema dakika zote tisini. "Kulia, chini! Kushoto, juu! Toka, toka!" Kifaru akadaka, pu! Akadaka tena, pu! Mmoja ukamshinda, ukaingia. Akageuka upesi kusikiliza nani atafoka.

Hakuna aliyefoka. Nyumbu aliuokota mpira wavuni, akampigapiga Kifaru begani. "Twende, kipa. Bado tunaongoza."

Wakashinda mbili kwa moja.

Basi wakubwa kwa wadogo, shikeni hili. Mficha maradhi, kilio humuumbua; anayesema udhaifu wake hupata wa kumsaidia. Na wewe unayeona mwenzako anaharibikiwa ukanyamaza, kosa lile ni lako pia.

Hadithi yangu imeishia hapo, imefika ukingoni salama, nami nikae nipumzike. Na nyinyi laleni unono.