Theluji ya Mama Ndelilio

Hapo zamani, ile zamani ya juzi ambapo magari yalikwisha kuanza kukodishwa kwenye viwanja vya ndege, aliishi Machame mjane aitwaye Ndelilio. Ndelilio, wala si Ndeli kama majirani walivyolikata jina lake. Tangu utoto aliitazama theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kila asubuhi akikata majani ya ng'ombe, lakini hakupata kuigusa.

Kisha macho yakaanza kufifia. Daktari akasema giza halizuiliki.

Wanawe watatu, kila mmoja alitaka mama ahamie kwake. Desturi ilimpa kitindamimba haki ya kukaa na mama, lakini wakubwa hawakukubali.

"Nasikia huko Ulaya, kwenye milima ya Alpi, gari hupanda mpaka kwenye theluji," Ndelilio akawaambia. "Nipelekeni ningali naona. Atakayenifikisha, kwake ndiko nitakakokaa."

Elifuraha, mkubwa, akatandaza ramani mezani. Akachagua barabara yenye maziwa huku na vilele kule, akatafuta nyumba za wageni zisizo na ngazi, akachagua na mwezi wa Mei. "Kule hakuna masika," alisema. "Njia haitaharibika." Aliyekulia Machame anajua kuwa mvua hufunga njia ya mlimani. Hakuwaza kwamba theluji nayo hufunga.

Waliposhuka ndege, Aikande, wa kati, akakodi gari, akaendesha. Usukani ulikuwa kushoto, asikokuzoea. Kona juu ya kona, bonde chini. Aliubana usukani kwa nguvu, ila kila penye kupendeza alipunguza mwendo. "Mama, tazama kuume. Ziwa hilo."

Ndetaramo, kitindamimba, alilala kiti cha nyuma.

"Bwana mdogo, umevuka bahari uje kukoroma?" Aikande alimtania.

Karibu na kilele wakakuta kizuizi. Barabara imefungwa, theluji ya huko juu haijaondolewa. Elifuraha akashika kichwa.

"Nimekuponza, mama."

"Iko wapi?" Ndelilio aliuliza. "Mimi naona weupe tu." Akawaza: kuja kote huku, aishie tena kuitazama kwa mbali?

Ndetaramo akashuka, akachuchumaa mlangoni. "Panda mgongoni."

"Mimi mzito, mwanangu."

"Na mimi sikuwa mzito uliponibeba? Panda."

Akambeba, akapandisha naye mteremko wa majani kando ya barabara, akihema, mpaka ukingo wa theluji. Ndelilio akazamisha mikono yote miwili.

"Jamani! Kumbe inauma!" Akacheka, akajipaka mashavuni, akacheka tena.

Aikande akamkausha kwa kanga. Hapo ndipo maneno yalipoanza.

"Gari lilikoma kizuizini," Ndetaramo alisema. "Aliyemfikisha ni mimi."

"Bila mimi ungembeba kutoka wapi?" Aikande akamjibu. "Machame?"

Elifuraha akasema taratibu, "Mwezi nilikosea, sikatai. Lakini ningepatia, njia ingefunguka na theluji ya hapa ingekuwa imeyeyuka. Mama angegusa majani."

Ndelilio alizisikiliza sauti zile tatu, ambazo karibuni ndizo zitakazokuwa nyuso za wanawe. Hakuna hata moja aliyoweza kuiambia hapana.

Basi nyinyi mnaosikiliza, mwamulieni. Aliyepanga na kukosea, aliyeendesha, au aliyebeba: je, nani alistahili kukaa na mama?