Jua Alipomwita Shungi Mwizi

Paukwa.
Pakawa.
Pakawa na moto usio na kuni.
Ukawaka.
Na kinachowaka?
Hupungua.

Basi sogeeni. Hapo kale, mbingu ilipokuwa mtaa mmoja, mwenye meko alikuwa Bi Jua. Wote waliota moto kwake. Jirani yake wa karibu alikuwa Zuhura, mzuri wa uso, mwepesi wa ulimi. Na mbali kabisa, gizani, alikaa nyota maskini aitwaye Shungi. Mwili wake ulikuwa barafu na vumbi, hana zaidi. Baridi ikimzidi, alifunga safari kwenda kuota moto.

Safari ya kwanza alifika mkubwa kama mlima. Akapiga hodi, akaota moto, akaaga. Nywele ndefu nyeupe zikamtoka mwilini, zikang'aa mbingu nzima.

Safari ya pili alifika kama kilima. Akapiga hodi, akaota moto, akaaga. Nywele zikamtoka, zikang'aa.

Safari ya tatu alifika kama kichuguu.

Ngojeni kwanza, hiyo ya tatu ina maneno. Sisi mgeni tunamsindikiza. Hata kama una wali motoni, utamfikisha njiapanda. Lakini Bi Jua hakuweza kuacha meko, kwa hiyo Shungi aliondoka peke yake kila mara. Na mgeni anayeondoka peke yake, wanaobaki humsema.

Asubuhi moja Bi Jua alikuwa anajifunga kibwebwe aanze kazi. Ncha ya kanga iliyokuwa ikifika kiunoni kwa shida, leo ikafunga fundo na kubaki inaning'inia. Akafungua, akafunga tena. Vilevile.

"Zuhura, nimepungua."

"Nimeona siku nyingi, dada, basi tu nilikustahi."

"Nani ananila?"

"Mie simo," akasema Zuhura, huku akijisogeza ndani. "Lakini yule mgeni wako hufika mikono mitupu, huondoka na mkia unang'aa. Mng'ao huo kaurithi kwa nani, huko kwao gizani?"

Neno likaingia. Simlaani Bi Jua. Anayejiona anapungua huona wezi hata penye wageni.

Basi Shungi alipopiga hodi safari ya tatu, hakukaribishwa.

"Simama hapohapo," Bi Jua akasema. "Nywele zinazokuota kila ukifika kwangu ni mali yangu. Kiri mbele ya nyota hawa kwamba umeniibia. Usipokiri, hutaota moto hapa tena."

Shungi akatazama huku na huku. Bila moto ule angeganda gizani milele, na jina la mwizi lingeganda naye.

"Bibi," akasema, "mara ya kwanza niliingia kwako mlima. Mara ya pili kilima. Nitazame leo. Mwizi gani hukonda kwa anachokiiba?"

"Wezi hawakosi maneno," akasema Zuhura.

"Nilikuja mzima, nikaondoka nusu, na bado naitwa mwizi. Nani hapa aliniona nikichukua? Aseme."

Nyota wote walikuwapo, wakubwa kwa wadogo. Wote walikuwa wameota moto uleule. Hapa ndipo damu yangu huchemka kila nikiisimulia. Mnaniambia mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni kaja, kaacha nyama yake mlangoni, na mwenyeji anamdai mifupa. Na majirani wanatazama kucha zao.

Akatokea Mwezi. Mwezi ni mtani wa Jua, na mtani hana adabu ya kuogopa.

"Kelele za nini, we mwenye meko? Mimi hukonda kila mwezi, hadi nabaki kama ukucha. Nimemkamata nani?"

"Toka hapa, mwanga wenyewe unauazima kwangu."

"Ndiyo maana nakuja kuulipa. Uso umekuwiva kwa hasira. Ngoja nikufunike upumzike."

Hakungoja ruhusa. Ilikuwa adhuhuri, akaenda akasimama mbele ya Bi Jua, akamziba uso wote. Dunia ikaingia giza. Kuku wakakimbilia bandani.

Ndipo kila mtu akaona. Kuzunguka kichwa cha Bi Jua, pande zote, zilikuwa zinatoka nywele ndefu nyeupe. Zilitoka, zikaenda zao, hazikurudi. Ukali wa uso wake ndio uliokuwa umezificha siku zote.

"Haya tazameni," akasema Mwezi. "Na huyu naye kaiba kwa nani?"

Nyani haoni kundule. Bi Jua akageuka, akatazama mabegani mwake.

"Ni zangu hizi?"

"Zako. Unavyowaka ndivyo unavyopungua, mtani, na hakuna anayekula wewe. Na zile za Shungi ni mwili wake mwenyewe. Unayeupeperusha ni wewe, kwa pumzi yako."

Zuhura akakumbuka kwamba ana chungu jikoni. Tangu siku hiyo hachungulii ila alfajiri au magharibi, kisha hujificha.

Mwezi aliposogea kando, uso wa Bi Jua ulikuwa umeinama. "Shungi, mwanangu, nimekukosea. Karibu moto. Na leo nitakusindikiza."

"Meko unamwachia nani?" akauliza Shungi. "Jina langu umelirudisha, nimelipokea. Mlima wangu je?"

Bi Jua akamsogezea nafasi mekoni. Shungi akaota moto, akaaga. Mwenyeji hakuweza kuinuka, akampulizia pumzi tu, hadi nywele za mgeni zikamtangulia njiani badala ya kumfuata. Mtazameni hata leo, nyota mwenye mkia: akiondoka, mkia uko mbele. Mwizi hatangulizi mzigo wake.

Huko ndiko kusindikiza kwa Jua. Na pumzi hiyo inayomsindikiza ndiyo inayommaliza.

Ngano yangu iliwaka, ikapungua, imezimika. Majivu ni yenu, zoeni. Na mgeni wenu akiaga leo, inukeni.