Mama Mkwe kwenye Mdomo wa Shimo

Wahenga waliposema kuwa maneno matamu humtoa nyoka pangoni, hawakuwa wakimsifu tapeli anayewapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa. Walikuwa na maana ya neno la heri, litokalo kwa mtu anayekutakia uzima. Nyoka akichokolewa kwa fimbo huzidi kujikunja ndani, na mtu aliyeshikwa na hofu ni vivyo hivyo.

Godelieve, mjane wa mtaa wa Kapata, alikuwa na tabia iliyowachekesha majirani: hakuweza kumpa mtu kitu bila kumbariki. Ukienda kwake kuomba chumvi, ulirudi na chumvi na sala juu yake. Mtu mmoja tu hakumsemesha, na mtu huyo aliishi nyumbani mwake. Alikuwa Kalenga, mume wa binti yake Mignonne. Kwa desturi ya kwao, mama mkwe na mkwe hupishana macho yakiwa chini, hawasemeshani wala hawaitani majina. Kwa hiyo Godelieve alimwandikia. Kila alfajiri aliweka kikaratasi kando ya kikombe chake cha chai: "Mungu akutangulie kushuka, akutangulie na kupanda." Kalenga alikisoma kimya, akakitia mfukoni, akaenda zake kuchimba shaba.

Asubuhi moja ya masika, Mignonne akiwa hospitalini akingoja kujifungua, pikipiki ilisimama mlangoni.

"Mama, shimo imeanguka," dereva alisema bila kumtazama. "Kalenga iko ndani."

Godelieve alipanda pikipiki roho mkononi. Njia nzima alijaribu kuomba, lakini yeye aliyekuwa na baraka kwa kila mtu hakupata hata neno moja.

Machimboni, Tharcisse, mkuu wa timu, alimzuia kwa mkono. Wachimbaji wa huko huamini kuwa mwanamke akikaribia shimo, madini hukimbia na udongo huporomoka.

"Mama, bakia pale. Mwanamuke hawezi kufika pa shimo."

"Ni muzima?"

"Ni muzima. Tulifungua njia kidogo, mutu anaweza kutambaa na tumbo apite. Lakini anakatala. Woga imemukamata."

Wanaume walikuwa wakipiga kelele kuelekea shimoni. "Toka, muoga weye. Unataka tukufe juu yako?" Kila walipomtukana, Kalenga alizidi kurudi nyuma gizani. Samy, mchimbaji mwenzake aliyeshuka kumvuta, alipanda akiwa ametapakaa tope.

"Nikimushika mukono, ananitupa," alisema. "Na mayi inapanda."

Godelieve aliogopa kuliko alivyopata kuogopa maishani. Akisogea na udongo ukianguka, watu watasema yeye ndiye aliyemuua mkwe wake, na Mignonne ataambiwa akiwa na mtoto mchanga kifuani. Akibaki pale, maji yatammaliza Kalenga.

"Tata Tharcisse," alisema, "matusi yenu imeshindwa. Uniache niseme naye."

Tharcisse alitazama shimo, akatazama mawingu, kisha akashusha mkono.

Godelieve alipiga magoti ukingoni. Papo hapo donge la udongo likang'oka chini ya goti lake, likaanguka ndani. Wanaume wote walimgeukia, macho pima. Ndipo alipotamka jina ambalo hakuwa amelitamka hata siku moja.

"Kalenga, mutoto wangu. Ni mi, mama ya Mignonne."

Aliinama zaidi juu ya shimo.

"Kuogopa si haya. Mi pia naogopa apa. Weye ni mwanaume muzuri, tangu ulifika mu nyumba yetu tunalala bila wasiwasi. Mungu abariki mikono yako. Abariki magoti yako. Kuya kwangu polepole."

"Mama?" Sauti ilitoka mbali. "Ni weye unanisemesha?"

"Ni mi."

"Usinyamaze, mama."

Hakunyamaza. Alibariki viwiko vyake, mabega yake, pumzi yake. Alimbariki mtoto aliyekuwa njiani, na alipoishiwa alibariki hata viatu vyake vya mpira. Jiwe lilisogea huko chini kwa mlio uliomkata maini, naye akaendelea kusema huku machozi yakimtiririka. Wanaume waliokuwa wakitukana walikuwa wamevua kofia. Mwishowe Samy aliinama, akashika mkono uliojaa tope, akauvuta.

Kalenga alitoka akitweta. Alipomwona mama mkwe wake mbele yake, aliinamisha macho kama desturi inavyotaka, kisha akayainua akamtazama usoni.

"Asante, mama," alisema.

Tharcisse, aliyekuwa ametukana hadi koo likamkauka, aliwaondoa watu wote karibu na shimo kabla halijaanguka tena. Hakika, maneno matamu humtoa nyoka pangoni.