Kipakatalishi Kilichovishwa Kitambaa

Mzazi akiogopa machozi ya mwanawe, akaacha kumkanya, akaacha kumnywesha dawa chungu, akaacha hata kumtoa mwiba mguuni, machozi hayo hayapotei. Hungoja, na siku yakija humtoka mzazi mwenyewe. Wengi hudhani methali hii ni ya wenye watoto peke yao. Debra wa Manyatta, mjini Kisumu, hakuwa na mtoto wala hakuwa na haraka ya kumpata, lakini ilimwangukia barabara.

Mwana wake alikuwa kipakatalishi. Kililetwa na mjomba wake Opondo, mashine nzito yenye nguvu za kuendeshea michezo ya mbio za magari, na Debra aliipenda michezo hiyo kama wengine wapendavyo mpira. Mara mbili alikuwa ameiwania nafasi moja ya kuwakilisha ukanda wa ziwa katika mashindano ya taifa, na mara mbili akashindwa na Griffins wa Kondele. Miaka hiyo alisingizia mashine za kuazima. Mwaka huu kisingizio kilikwisha, na kama angeshindwa tena, mji mzima ungejua ni mikono yake.

Nyumbani kwao kitu cha thamani hakiachwi uchi. Rimoti ilikaa ndani ya mfuko wa nailoni, na televisheni, redio, friji na makochi yote yalivaa vitambaa vya kufuma. Mama yake, Selpha, alikuwa mfumaji asiye na mpinzani mtaani. Kipakatalishi kilipofika alikifumia vitambaa viwili vyeupe vyenye maua ya zambarau: kimoja cha kutandika chini, juu ya mto wa kochi, na kingine cha kufunika nyuma. Debra naye hakuibandua nailoni ambayo kilitoka nayo dukani, hata ile ya chini iliyoziba nusu ya matundu ya hewa. Hivyo ndivyo mtoto wa mfalme alivyolelewa, na pembeni yake yalisimama magunia ya omena, dagaa wa ziwani, ambao Mama Selpha huuza katika soko la Kibuye.

Kuhusu mipangilio, Debra hakutaka kusikia habari ya kupunguza. Kila kilichoweza kupandishwa alikipandisha hadi mwisho, hata vivuli vya miti kando ya barabara. Feni ikanguruma kama posho mill inayosaga unga. Baada ya mchezo mrefu sebule ilinuka omena wa kukaangwa, na Mama Selpha akawa anawasifu majirani kwa mapishi.

Kabir, rafiki yake chuoni na mshauri wake katika mbio, hakudanganyika. Alikuwa mtoto wa Mzee Baldev mwenye duka la vifaa vya umeme, na siku moja alikuja na bisibisi mfukoni.

"Debra, wacha nifungue hii kitu nitoe vumbi," alisema. "Inapumua vibaya."

"Ufungue nini? Hata warranty haijaisha."

"Basi toa nailoni peke yake. Na hiyo blanketi."

"Kabir, hiyo ni kazi ya mikono ya mama yangu."

"Mwambie, nyathina, mwanangu," Mama Selpha akadakia kutoka jikoni. "Laptop ni kama mtoto. Haiwezi kaa baridi."

Kabir aliangalia juu, akarudisha bisibisi mfukoni, akaomba chai.

Siku ya fainali ilifika. Ukumbi ulikuwa karibu na ziwa, madirisha yakiwa wazi, na watu walijaa pomoni. Fainali ilikuwa ya raundi tatu, Debra kwa Griffins, kila mmoja na mashine yake. Mama Selpha alikaa mstari wa mbele akiwa amevaa gauni la kanisani. Kipakatalishi kilikuwa mezani juu ya kitambaa chake, kimefunikwa cha pili mabegani, na watu waliokiona walicheka, lakini Debra alijivuna tu.

Raundi ya kwanza alishinda. Alikata kona kwa ustadi hata Griffins mwenyewe akatikisa kichwa. Katika raundi ya pili alikuwa bado mbele gari lilipoanza kwenda kwa kurukaruka. Feni ilipiga yowe. Harufu ya omena ikasambaa ukumbini, mtu nyuma akauliza chakula kiko wapi, na kioo kikawa cheusi tii.

Debra alibonyeza. Hakikuwaka. Alibonyeza tena, kisha akaegemeza kichwa mezani akalia, kwikwi juu ya kwikwi, mbele ya watu wote waliomjua. Alilia kwa sababu alikuwa mzuri kuliko wote pale ndani na jambo hilo halikumsaidia chochote. Mama Selpha alikuja, akakivuta kitambaa cha juu na kumpangusa nacho. Kilikuwa cha moto kama kimetoka kwenye pasi.

"Yawa," alisema polepole. "Kumbe nimechemsha mtoto."

Mwamuzi, Bi Lornah, alitazama saa. "Raundi ya pili ni ya Griffins. Sasa tunaenda kula. Tukirudi ikiwa imewaka, mnamaliza. Isipowaka, mshindi ni yeye."

"Iwake tu," Griffins akasema. "Mimi sikuja kushinda laptop. Nilikuja kushinda Debra."

Kabir alitoa bisibisi. Safari hii hakuomba kuifungua mashine yeye, alimkabidhi Debra. Debra aliishika kama muuguzi anayemdunga mtoto wake mwenyewe. Alibandua nailoni kwanza, na ikalia kwa sauti iliyomkata maini. Kisha akafungua skrubu, akatoa kifuniko, Kabir akachomoa waya wa betri. Penye feni palikuwa na mto mdogo wa nyuzi za zambarau ulioshikana na vumbi la omena.

"Hiyo ni uzi yangu," Mama Selpha alisema, na wa kwanza kucheka alikuwa Debra, machozi yakiwa bado shavuni.

Waliizuia feni kwa kijiti cha meno isizunguke, wakaisafisha kwa brashi mpya aliyokuja nayo Kabir, wakapuliza. Wakaachia mashine ipoe kwenye upepo wa ziwa. Ilipofungwa tena na kuwaka, waliiinua juu ya vifuniko vinne vya soda ili hewa ipite chini, na Kabir akaanza kupunguza mipangilio.

"Hawa watu wanashangilia kando ya barabara, unawaangaliaga saa ngapi?"

"Siwaangaliangi."

"Basi tuwapunguze. Na vivuli pia. Ikiskia joto inajipunguza speed yenyewe ndio isiungue. Haikuwa inakusumbua, ilikuwa inajiokoa."

Raundi ya tatu gari la Debra halikuwa na kivuli wala mashabiki, lakini lilikwenda mswaki. Griffins alimwandama hadi kona ya mwisho, wakatoka bega kwa bega, na Debra akamtangulia kuvuka mstari kwa upana wa taa ya gari. Ukumbi ulilipuka. Griffins alikuja kumpa mkono na kumwambia waonane mwakani. Mama Selpha alipiga vigelegele, akamkumbatia mwanawe, akamkumbatia Kabir, na nusura amkumbatie mwamuzi.

Debra alilia tena, safari hii kwa furaha, na mama yake akakitoa kile kitambaa cheupe na kumpangusa kwa mara ya pili.

"Hii sasa imepata kazi yake," alisema.

Jioni hiyo, kabla ya kuvua hata viatu, Mama Selpha alilivua friji kitambaa, akavua televisheni, akayahamishia magunia ya omena stoo. Debra alimtazama huku akikifuta kipakatalishi kwa brashi, bila woga wowote. Mchelea mwana kulia hulia yeye.