Makuka Aulizwa Mlango Umefungwa

Sogeeni kwenye jamvi, leo nina Bi Mkasi mdomoni.

Jumbe Ngwali alitaka shemeji yake, Makuka, apewe ufunguo wa ghala la kijiji, penye mahindi ya watu wote ya kula kiangazi. Desturi ilikuwa mtunza ghala aulizwe maswali hadharani, na bibi aliyewazidi wote umri, naye alikuwa Bi Mkasi. Jumbe akakataa.

"Safari hii ni ndani kwangu, mlango ufungwe! Ya ndani yabaki ndani."

"Fungeni, baba," alisema Bi Mkasi. "Ila masikio yangu yamezeeka."

Kesho yake mlango ukafungwa. Makuka, ufunguo wa ghala Jumbe amekwisha kumpa, akamwinamia bibi, akanong'ona kitu.

"Eti?" Bi Mkasi aliuliza, mkono sikioni.

"Utapata magunia mawili, bibi."

"Paza sauti, mjukuu wangu!"

"Magunia mawili! Useme nafaa!"

"Ya shambani kwako?"

"Shamba ninalo wapi? Ya ghalani!"

"Sikupati, baba. Au huna nguvu? Mtunza ghala gani anaongea kama mwali?"

Makuka akavimba, mishipa ikamtoka shingoni.

"TUTAIBA GHALANI, MIMI NA JUMBE, NA WEWE TUTAKUGAWIA!"

Nje vicheko vikalipuka, vigelegele juu, masufuria yakagongwa.

Jumbe akamnong'oneza shemeji yake, kwa sauti ya mbu: "Tokea mlango wa uani."

"Huko nako watu wamejaa, baba," alisema Bi Mkasi, akimpokonya Makuka ufunguo. "Niliwaambia tangu alfajiri waje na mikeka."