Sultani Aliyekalia Makaa

Hapo zamani, katika mji wa Mwambakuu, siku ya Alhamisi, tarehe tisa ya Shaabani, saa kumi alasiri, mpiga mbiu alipita akitangaza kwamba makaburi ya Mtoni yatachimbwa. Na sababu yake ilikuwa kilemba.

Sultani Haidari alikuwa amenunua almasi moja, akaitia upande wa kulia wa kilemba chake, kisha akajitazama kiooni akaona upande wa kushoto uko mtupu. Sonara wake akamweleza kwamba almasi asili yake ni kitu kilekile kilichomo katika makaa, kilichozikwa chini sana ardhini, kikapikwa kwa moto wa huko na kugandamizwa na uzito mkubwa kwa vizazi visivyohesabika. Akaongeza kwamba udongo wa Mtoni unafanana na ule wa huko ilikotoka almasi ya kwanza. Basi kwa ajili ya upungufu wa kilemba kimoja, wafu wa mji mzima wakatakiwa wapishe. Kadhi alisikia, akanyamaza, kwani chakula chake kilitoka jikoni kwa Sultani.

Mjini palikuwa na fukara mmoja, Mwinchande, mtu wa maneno mengi na mali kidogo. Mkewe, Bi Zaituni, alikuwa amezikwa Mtoni mwezi uliopita, na udongo wake ulikuwa haujatulia. Mwinchande akaenda barazani, akaomba kaburi lile na mengine yote yaachwe. Sultani alimwinamishia kilemba, akamwuliza anaona nini.

"Naona jiwe linalong'aa, Maulana," akasema Mwinchande. "Thamani yake sijaiona. Hiyo nimeisikia tu, tena kwa aliyeliuza."

Sultani akakasirika, akasema, "Wewe mjuzi wa mawe, nifanyie almasi kwa makaa, nami nitayaacha makaburi. Ukishindwa, utachimba kwa mkono wako, uanze na kaburi la mkeo. Utakachohitaji utapewa."

"Nimekubali, Maulana. Kadhi na awe shahidi."

Asubuhi ya Ijumaa akaja na kikapu cha makaa. Akamwomba sonara arudie mbele ya wote mambo yanayohitajika, naye akayataja: moto, uzito na muda. Mwinchande akawageukia watu wa baraza akawauliza, katika nchi hii ni nani mwenye uzito kuliko wote. Ikumbukwe kwamba katika baraza ile ilikuwa desturi kila kunapokucha malenga asimame, aimbe kwamba Sultani akiketi milima huinama, na mawaziri waitikie kwamba ni kweli. Basi hapakuwa na namna ya kujibu vingine. Wakasema ni Maulana.

"Uzito tumeupata," akasema Mwinchande. Akayamwaga makaa juu ya kiti cha enzi, akaomba kiti kitolewe uani penye jua, liwe ndio moto, kisha akamkaribisha Sultani aketi, asiinuke mpaka makaa yawe almasi.

Sultani akatazama huku na huku. Kukataa ni kumkanusha malenga. Akaketi. Makaa yakalia chini yake, na mawaziri wakasifu mlio ule. Jua likapanda, jasho likamtiririka, na kila alipouliza kama tayari, Mwinchande alimjibu kwa adabu kwamba bado kidogo.

Ikawa adhana ya Ijumaa, Sultani akainuka kwenda kusali. Kanzu yake nyeupe ilikuwa nyeusi tititi kwa nyuma, wala hapana aliyemwambia, kwa maana wale watu walikuwa wamezoea kutoona aibu ya mkubwa. Akapita sokoni hivyo. Akasimama safu ya mbele hivyo. Aliporukuu, waliokuwa nyuma yake waliuma midomo, na Mungu awasamehe sala yao.

Baada ya salamu akaona weusi kwenye mkeka, akashika kanzu yake, akamwuliza waziri mbona hakumwambia. Waziri akajibu kwamba walidhani ni pambo jipya.

Watu wakashindwa kujizuia, msikiti ukajaa vicheko. Sultani akamwita Mwinchande, akamwambia kwa sauti ya chini, "Umeshindwa. Makaa ni makaa."

"Sijashindwa, Maulana. Wewe umeinuka. Sonara amesema vizazi visivyohesabika, nawe umekaa asubuhi moja. Rudi uketi, mimi nitangoja. Ila kabla hujamaliza kukaa, jembe lisiguse Mtoni."

Sultani akamtazama kadhi. Kadhi akatazama chakula chake cha kesho, kisha akatazama watu waliojaa mpaka mlangoni, akasema kwa shida kwamba sharti ni sharti, na muda haujaisha.

Sultani hakurudi kuketi, wala mpiga mbiu hakutumwa tena. Kilemba kikabaki na jicho moja.

Mwinchande akashuka Mtoni, akasawazisha udongo wa mkewe kwa viganja, akamsomea Fatiha. Mwenyezi Mungu amrehemu Bi Zaituni, na wote waliolala pale, na wetu tuliowafukia karibuni. Awape wasaa na nuru makaburini mwao, na siku yetu ikifika atukutanishe nao kwa wema. Amin.