Masufuria Manne na Mfiwa Mmoja

"Pasipo uwanja, kila mtu hulia kwake." Ndivyo alivyowajibu mjumbe wa mtaa asubuhi, mlipomwomba kona ya uwanja mjenge kibanda cha kuchaji simu, nanyi wajukuu zangu mkaja mbio kwangu kuuliza maana yake. Mmefanya vyema. Huko vijiweni mngeambiwa maneno hayo yametoka kwa wahenga. Wahenga gani? Nilikuwapo mimi, Siwema, na kosa langu limo humo humo. Kaeni. Mambo yalianza hivi.

Mtaa wetu huu, hapa Tabora mjini, ulikuwa safu mbili za nyumba zinazotazamana, na katikati uwanja wa ukoka. Haukuwa wa mtu. Jioni wanawake tulitandika mikeka tukasukana na kuchambua mchele, wanaume wakacheza bao upande wao, watoto wakagaragara nyasini mpaka waitwe kuoga. Harusi hapo, maulidi hapo, msiba hapo. Mtu asipoonekana siku mbili, tulijua anaumwa, tukamfuata kwake. Mimi nilikaa mkeka mmoja na shoga yangu Nyamizi, ambaye nyumba yake ilitazamana na yangu. Jamani, yule mwanamke alikuwa na maneno! Alinichekesha mpaka mbavu zikaniuma.

Basi jirani yetu mmoja, Mzee Kasongo, akausogeza ua wake wa mabati hatua moja uwanjani apate pa kufugia kuku. Hatua moja tu, nani amgombeze mzee wa watu? Mwezi uliofuata jirani yake akasogeza wake, apate pa kuanikia nguo. Mnanitazama mimi? Ndiyo, nami nilisogeza. Nilipanda mchicha. Nyamizi akasogeza upande wake. Na aliyesogeza mara moja hakuona haya mara ya pili. Kufika mwaka wa nne, uwanja mzima ulikuwa kichochoro cha watu wawili kupishana kwa kubanana.

Hatukugombana, la. Tulisalimiana tukipita, "Hujambo, shoga?" "Sijambo," kila mtu akaingia kwake. Nyamizi nikawa namjua kwa mlio wa mchi wake tu, akitwanga nyuma ya mabati.

Siku moja mumewe, Mzee Mrisho, akafariki ghafla. Alizikwa siku ile ile. Watu walijaa, lakini pa kufunga turubai hapakuwapo, wala pa kutandika mkeka. Tulisimama kichochoroni tumebanana. Jeneza lilipoondoka niliingia nikampa Nyamizi pole, chumba kimejaa, na wengine wanangoja mlangoni. Nikasema moyoni, niwapishe wenzangu wapate pa kukaa. Nikarudi kwangu. Zamani ningechungulia dirishani nikaona nani yuko matangani na nani hayupo. Sasa niliona mabati.

Kesho yake mchana nikapika sufuria kubwa la wali, la watu ishirini, nikajitwika, nikavuka kichochoro. Nikabisha hodi. Nikaingia. Nyamizi alikuwa amekaa chini peke yake. Karibu na mlango palikuwa na masufuria matatu yamefunikwa, hayajaguswa. Langu likawa la nne.

"Watu wako wapi?" nikauliza.

"Nikuulize wewe, Siwema. Mwanangu bado yuko njiani anatoka Mwanza. Majirani kila mmoja ametua sufuria lake hapo mlangoni, akasema haingii, asiwabane walio ndani."

"Na usiku?"

"Usiku kucha mimi na ukuta. Wewe ulikuwa wapi?"

"Kwangu, nalia. Wallahi, Nyamizi, nimelia tangu jana. Nilijua wenzangu wako na wewe."

Akayatazama yale masufuria. "Kumbe mtaa mzima mnanililia," akasema, "ila kila mtu analia kwake."

Nilitoka mbio nikaushika ua wangu nikaung'oa, bati baada ya bati, mikono ikachanika, mchicha wangu nikaukanyaga mwenyewe. Nikapiga yowe: "Enyi watu, Nyamizi yuko peke yake!" Milango ikafunguka. Mzee Kasongo akaja, akachungulia ndani, akashika kichwa.

"Astaghfirullahi! Mimi nilijua mko naye."

Kila mtu alijua wengine wako naye. Ilipofika alasiri nyua sita zilikuwa chini, na mikeka imetandikwa juu ya udongo mtupu, maana ukoka ulishakufa. Nyamizi akasogea kizingitini. Tukala naye wali uliopoa, tukalia pamoja mpaka machozi yakatukauka.

Nyasi mnazochezea leo tulizipanda upya kwa mikono yetu. Lakini Nyamizi alipomaliza eda, mwanawe alikuja kumchukua. Nilimng'ang'ania mkono kama mtoto mdogo. "Usiende, shoga yangu. Uwanja si umerudi?"

"Umerudi, na wote nimewasamehe," akasema. "Lakini nikiingia chumba kile nausikia ule usiku mmoja. Siuwezi, Siwema. Niache niende."

Akaenda. Huu ni mwaka wa ishirini na mbili. Hunipigia simu, na maneno yake ni yale yale, nacheka. Nikishaikata nabaki nimeishika mkononi, sijui niiweke wapi. Kila jioni uwanja unajaa watu, alhamdulillahi, nami natoka nakaa nao, na kila jioni macho yangu yanamtafuta hali najua fika yuko Mwanza. Nina hamu naye mno. Laiti ile hatua moja ningeiacha, angekuwa amekaa hapa ananicheka nilivyozeeka.

Pasipo uwanja, wajukuu zangu, kila mtu hulia kwake. Yeye kule, mimi hapa.